Shahidi wa Mwezi

Macho ya Abdurahim yalikuwa yamekwisha, na jioni hiyo alitakiwa apande milima ya Ngong akauangalie mwezi.

Hakuna aliyejua ila mkewe. Kwa miezi minane Muhiba alikuwa akimtungia nyuzi kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, sindano ishirini kwa mkupuo, akazichomeka kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani. Mteja akiingia na kumkuta fundi ana sindano mkononi, tena yenye uzi, angeshuku nini? Mikono ya Abdurahim ilikuwa imeshona kanzu miaka thelathini na mmoja pale mtaa wa Tena, Nairobi, na ilijua njia yenyewe. Lakini daktari alikuwa amesema wazi: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni kisu. Abdurahim aliposikia kisu, aliinuka kitini. "Baada ya Idi," alimwambia mkewe. Alisema hivyo kabla ya Idi kubwa, na sasa Idi ndogo ilikuwa mlangoni.

Msikiti wao ulikuwa mdogo na haukungoja redio. Kila mwaka, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, watu wawili walitumwa Ngong, mahali ambapo magharibi hakuna nyumba wala mti wa kuziba macho. Wakishuhudia wote wawili kwamba wameuona mwezi, kesho yake ni Idi. Wasipouona, watu wanatimiza thelathini. Kwa miaka kumi na sita mmoja wa hao wawili alikuwa Abdurahim. Watu walikuwa na msemo wao: jambo likibishaniwa, wanasema, "Muulizeni fundi, yeye huona hata mwezi wenye aibu."

"Kataa," Muhiba alimwambia asubuhi hiyo. "Sema mguu unakuuma."

"Na kazi ya kushona nafanya kwa mguu huo huo? Nikikataa mlima leo, kesho wataanza kunitazama machoni. Akija mmoja tu akasema fundi haoni, nani ataniletea kitambaa chake nikikate?"

"Basi utaona kwa macho gani?"

Abdurahim alimwita binti yao.

Khawla alikuwa na miaka kumi na tisa, na macho yake yangeweza kusoma bango la upande wa pili wa barabara ya Outer Ring. Baba yake alimweleza yote, kwa maneno machache, akiwa amegeukia ukuta. Kisha akampa kazi. "Utasimama kando yangu, umenishika mkono kama mtoto anayemsaidia mzee. Ukiuona mwezi, nibane. Mara moja, kwa nguvu. Usiseme neno."

"Si niseme tu nimeuona mimi?"

"Idi inataka wanaume wawili."

"Kwa hiyo macho yangu, mdomo wako."

"Khawla," mama yake alimkaripia.

"Nauliza tu, Mama. Na nisipouona?"

"Usipouona, hubani. Tunarudi, tunafunga siku ya thelathini. Hakuna dhambi," Abdurahim alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo moyo wake ulitulia kidogo. Mpango ulikuwa rahisi. Mkono ukibanwa, mwezi upo. Usipobanwa, haupo.

*

Shahidi wa pili alikuwa Magan, mwenye bucha mtaa jirani wa Umoja, kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mara yake ya kwanza kutumwa. Aliwachukua saa tisa kwa gari lake, Probox iliyonuka nyama na dawa ya kuoshea sakafu. Alivaa kanzu mpya. Abdurahim ndiye aliyeishona.

"Mzee wangu, leo mimi niko nyuma yako tu," Magan alisema wakiwa njiani. "Mke wangu amecheka. Ameniambia, wewe hata chumvi mezani huoni mpaka uelekezwe."

"Inshallah tutaona," Abdurahim alisema.

Pale langoni mlinzi wa msitu, Kiema, alimjua. Alikuwa amewasindikiza miaka minne mfululizo, bunduki begani. "Mzee wa mwezi! Mwaka huu umeleta na msichana? Sawa. Lakini tunaelewana: giza likianza kushika, tunashuka. Sitaki mchezo. Juzi tu hapa watu wamevuliwa viatu."

Abdurahim alikuwa ameijua njia hiyo kama shingo ya kanzu. Sasa haikuwapo. Alichoona ni ukungu wa rangi ya maziwa, na ndani yake vitu vyeusi vikija na kuondoka. Kushoto kwake mapanga makubwa ya umeme wa upepo yalivuma, vuu, vuu, vuu, na alishindwa kujua kama yako mbali au juu ya kichwa chake. Upepo ulimvuta kanzu upande wa bonde. Alikumbuka vizuri upande huo. Njia ilikuwa ya upana wa kitanda, kisha majani mafupi, kisha mteremko uliokuwa ukimfanya hata yeye, enzi za macho yake, ateme mate na kurudi nyuma. Kila hatua aliiweka chini polepole akisubiri kuona kama ardhi itaipokea.

"Jiwe," Khawla alinong'ona. "Inua. Sasa shuka. Kulia kidogo."

"Mzee amechoka?" Magan aliuliza kutoka mbele.

"Swaumu," Abdurahim alijibu.

Walipofika juu ya kilima cha pili, Magan alisimama akashika kiuno. "Wallahi! Njooni muone Nairobi. Yote, kama imewekwa kwenye sinia. Mzee, Tena iko wapi?"

Kila mwaka Abdurahim ndiye aliyewaonyesha wenzake. Yale magorofa marefu ni mjini, ile nafasi nyeupe ni uwanja wa ndege, ukivuka moshi wa viwanda unapata mitaa yetu. Aliinua kidole. "Ile pale," alisema kwa sauti ya mwenye uhakika. "Nyuma ya moshi."

Khawla akamshika mabega akamgeuza nusu duara, akicheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Baba, nakupiga picha! Geuka huku basi, nikupige ukitazama mji!"

Lakini Abdurahim alihisi Magan anamtazama.

*

Jua lilizama kwenye mawingu. Adhana ililia kwenye simu ya Magan, wakafungua kwa tende na maji, wakaswali juu ya mkeka wa plastiki uliotaka kupaa. Kisha wakasimama wakitazama magharibi. Kiema alikuwa amerudi nyuma kidogo njiani kuwaharakisha wanafunzi fulani waliokuwa bado wakijipiga picha. Walibaki watatu.

Dakika kumi zilipita. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya bonde, na ukungu ulianza kupanda kutoka chini, baridi, ukiwagusa usoni.

"Unaona kitu, Mzee?"

"Bado. Tulia. Mwezi hauitwi kwa kelele."

Khawla alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto. Abdurahim alielekeza uso wake alipojua jua limezama, na nafsi yake yote ikawa kwenye kile kiganja. Mkono wa binti yake ulikuwa baridi. Haukubana. Ya Rabbi, alisema moyoni, nisibanwe, tushuke salama, na mwakani nitakuwa nimekwisha kupata macho. Baada ya Idi, wallahi, nitakwenda kwa hicho kisu.

Khawla wakati huo hakuwa akitazama mbingu. Pale chini, ndani ya ukungu, vichwa vitatu vilikuwa vikipanda kuelekea kwao moja kwa moja bila kupita njiani. Wanaume. Mmoja alikuwa na panga mkononi, na lilikuwa wazi, halina ala. Alitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Alichoweza kufanya ni kukaza mkono alioushika, kwa nguvu zake zote.

"Naona!" Abdurahim alisema. "Allahu Akbar! Naona!"

"Wapi?" Magan aliruka. "Wapi, Mzee?"

"Pale!" Alinyoosha kidole mbele. "Juu ya mlima Suswa, penye wingu."

Magan alitazama. Palikuwa na wingu lililochanika, na pembeni mwa mchaniko palikuwa na weupe. Alikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Alifikiri juu ya mkewe na ile chumvi. Alifikiri juu ya watu wote wanaosubiri simu yake.

"Eeh," alisema. "Eeh! Naona! Kama ukucha! Allahu Akbar!"

Wale watu watatu walitokea ukunguni. Walikuwa wachungaji, wamefunga shuka mpaka kidevuni, na yule wa panga alibeba kwapani mzigo wa majani aliyokatia ndama. Waliwasalimia. Mkubwa wao aliuliza wanatafuta nini hapo na baridi ile.

"Mwezi, mzee. Tumeshauona," Magan alisema huku akitafuta namba kwenye simu.

Mchungaji alitazama magharibi, akatazama tena. "Mwezi leo hakuna," alisema. "Mimi nalala na mlima huu. Ni kesho."

"Wewe jua ng'ombe, baba, mwezi tuachie," Magan alicheka. Imamu wa msikiti wao alipokea simu. "Ustadh Aqil? Assalamu alaikum. Tumeuona! Wote wawili! Ndio, na fundi ndiye wa kwanza!"

*

Wakati wa kushuka Khawla alitetemeka mpaka Abdurahim akadhani anasikia baridi. Magan na Kiema walikuwa mbele na tochi.

"Samahani, Baba," alisema. "Nilikubana vibaya? Niliwaona wale watu na panga, nikajua tumekwisha."

Abdurahim alisimama. Nyuma yake mapanga ya umeme yaliendelea kuvuma. "Na mwezi?"

"Mwezi gani, Baba?"

Khawla alielewa polepole, akaweka mkono mdomoni.

"Magan ameuona," Abdurahim alisema hatimaye. "Umemsikia. Kama ukucha, amesema."

Ndani ya gari alingoja mpaka wakatoka mji wa Ngong. Kisha akauliza kama mtu anayepitisha muda, "Magan, mwanangu. Wewe umeuona kweli kweli?"

Magan alipunguza mwendo. "Mzee, mbona swali hilo? Unataka kusema mimi mwongo?"

"La. Nauliza tu."

"Nimeuona pale pale ulipoonyesha wewe."

Abdurahim hakuuliza tena. Maneno hayo aliyashika kama mtu aliyening'inia anavyoshika nyasi, akijua ni nyasi.

*

Walipofika Tena, takbira zilikuwa zikilia kwenye spika ya msikiti na watoto walikuwa wakikimbizana koridoni. Jirani yao Wavinya, mke wa dereva wa lori, alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Mama Khawla! Kwa hivyo ni kesho? Mimi nimeshaosha sahani za biriani yenu, nisije nikalaumiwa."

"Ni kesho, Mama Mutua," Muhiba alijibu akiwa amemtazama mumewe. Alimjua. Wavinya alipoingia kwake, Muhiba alifunga mlango. "Kuna nini?"

Khawla ndiye aliyesema. Abdurahim alikuwa amekaa kwenye cherehani, mbele yake kanzu kumi na moja za wateja ambazo sasa, kwa ajili ya ulimi wake, zilitakiwa alfajiri badala ya kesho jioni.

"Nenda kwa Ustadh sasa hivi," Muhiba alisema. "Saa tatu tu hii. Watu hawajala daku, wanaweza kufunga."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba hukuona."

"Ataniuliza kwa nini nilisema nimeona. Nitamjibu nini? Kwamba mtoto aliniminya mkono? Na kwa nini nishikwe mkono?" Alipapasa kanzu iliyokuwa juu. "Labda yule kijana ameuona. Labda upo."

"Labda," Muhiba alisema. "Miezi minane nimekutungia uzi, Abdurahim. Sikukuuliza, sikukusimanga. Lakini hili siwezi kukutungia."

Mlango uligongwa. Alikuwa mteja, amekuja kuchukua kanzu ya mwanawe. Kisha mwingine. Kila aliyeingia alimshika fundi mkono kwa mikono miwili. "Jicho lako, Mzee! Mungu akuzidishie." Mmoja aliinua mshono wa shingo kwenye taa, akautazama sana, akakunja kanzu akaondoka.

Daku ilipita, na mtaani hakuna aliyeila wala aliyenuia kufunga. Yeye alibaki kitandani macho wazi, ingawa kufumbua na kufumba kwake kulikuwa karibu sawa. Alihesabu spika za misikiti. Takbira ilitoka kwenye mmoja tu, wa kwao. Kuelekea Umoja, kuelekea Donholm, kote kulikuwa kimya. Nairobi nzima ilikuwa imefunga.

*

Saa moja asubuhi watu walijaa kwenye kiwanja kando ya msikiti, wanaume mbele, wanawake nyuma ya turubai. Kijana mmoja wa msikiti mwingine alipita barabarani na kuuliza kwa sauti, "Nyinyi watu wa Tena, mwezi wenu mmeutengenezea wapi, kwa mafundi wa jua kali?" Watu walimcheka, lakini si sana. Tangu alfajiri simu zilikuwa zimeleta maneno. Mombasa hawakuona. Lamu hawakuona.

Abdurahim alikuwa amewekwa safu ya kwanza. Tende ilipitishwa, maana ni sunna kula kabla ya swala ya Idi, na kikapu kikamfikia. Alikishika. Kikawa kizito. Alisimama, akapapasa mabega ya watu mpaka akamfikia Ustadh Aqil, na akasema chini chini kwamba hakuuona mwezi, kwamba macho hana. Lakini kiwanja kilikuwa kimenyamaza, na safu tatu za mbele zilisikia.

Ustadh Aqil alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Aliinua mkono. "Mzee wangu, nisamehe. Hivi ni vidole vingapi?"

"Sioni vidole, Ustadh," Abdurahim alisema. "Naona kuna mkono."

Mtu alisema "Astaghfirullah" kwa sauti. Mwingine akasema, "Na kanzu zetu je, alizishona na nani?" Nyuma, mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Magan," Ustadh aliita. "Simama. Apa kwamba umeuona."

Magan alisimama. Alitazama kanzu yake, akatazama chini. "Mimi nimeona weupe," alisema. "Yeye amesema mwezi, nikasema ni mwezi. Ningefanya nini? Nani hapa angeamini macho yangu kuliko ya fundi?"

Ustadh Aqil hakupiga kelele. Alisema swala haipo, waliokula wasile tena mpaka magharibi, na siku hii, hata akiacha kula sasa, kila mtu anadaiwa na atailipa baada ya Idi. Halafu akasema wahesabiwe, ili asiwepo wa kusema hakujua. Walihesabiwa palepale wakiwa wamesimama, kama wanafunzi waliovunja dirisha. Wengi walipita mbele ya Abdurahim bila kumsalimia. Mzee mmoja mgonjwa wa sukari, ambaye daktari alikuwa amemruhusu kufunga kwa shida, alisimama mbele yake. "Siku moja kwangu ni nyingi, fundi," alisema, akaondoka.

Nyumbani Muhiba aliipakua biriani iliyokuwa tayari akampelekea Wavinya, sufuria nzima. Wavinya aliipokea bila utani. "Pole, Mama Khawla," alisema. "Nitawawekea yenu ya jioni."

Hesabu ilikuwa hivi. Wateja kumi na mmoja walichukua kanzu zao, na wanne kati yao hawakurudi tena na kitambaa. Magan hakutumwa tena mlimani. Jumatatu baada ya Idi, Abdurahim alilala kwenye kitanda cha hospitali akafunikwa uso, akapasuliwa jicho la kulia. Ilichukua dakika ishirini na tano. La kushoto lilingoja mpaka mwezi wa tatu baada yake. Na siku ile moja ililipwa na watu wazima mia mbili na kumi na watano: wanaume mia moja na kumi na wanane, wanawake tisini na saba. Mmoja wa hao tisini na saba ni Khawla, aliyekuwa na macho mazima mlimani, na ambaye hakuna aliyemuuliza aliona nini.